Nahau za Kiingereza kwa anayejua joshi na demani

Mwanafunzi akikutana na sentensi "He was three sheets to the wind" akafungua kamusi, neno "sheet" litampa shuka, karatasi au bati. Ataishia na mashuka matatu yanayopepea, na maana haitatoka. Mtu aliyekulia karibu na ngalawa na mashua za Tanga ana njia fupi zaidi. Chomboni, "sheet" si kitambaa. Ni kamba, ile inayoitwa demani, inayoshika pembe ya nyuma ya tanga na kuamua likazwe au lilegezwe. Demani ikiponyoka, tanga hupigapiga ovyo, upepo hauna tena pa kushika, na chombo huanza kwenda mrama. Zikiponyoka demani tatu kwa pamoja kwenye meli yenye matanga mengi, meli hiyo hutembea kama mlevi. Ndiyo maana ya nahau: jamaa amelewa chakari.

Kiingereza kilikulia kisiwani, kwa watu walioishi kwa meli kwa karne nyingi, na nahau zake nyingi zilitoka kwenye kamba, upepo, kujaa na kupwa kwa maji. Mtu wa Pwani anazo picha hizo tayari, kwa Kiswahili chake. Kwa hiyo kinachomkwamisha mara nyingi si picha. Ni mambo mawili ambayo vitabu vya orodha huyapita haraka: maneno gani ndani ya nahau yamefungwa hayabadiliki, na nahau hiyo husemwa na nani, kwa nani, wapi. Maana peke yake inatosha kwa anayesoma. Anayetaka kusema anahitaji yote matatu.

Picha ambazo Pwani inazo tayari

Tuanze na "left high and dry". Vitabu vingi huitafsiri kuwa kuachwa bila msaada, na si makosa, lakini Kiswahili kina neno lililozaliwa na tukio lile lile: kupwelewa. Chombo kimeingia karibu na ufuko maji yakiwa yamejaa, nahodha akachelewa, maji yakapwa, na sasa kimelala ubavu juu ya mchanga mkavu. Siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali, kila mvuvi anajua kwamba chombo hicho hakitasukumwa kwa nguvu za watu. Kitasubiri maji yarudi. Kiingereza kimeichukua picha hiyo kwa jinsi ilivyo: "high", juu ya usawa wa maji, na "dry", pakavu. Husemwa zaidi kwa aliyetegemea mtu akaachwa: "The driver never came and we were left high and dry." Angalia kitenzi. Nahau hii hupenda kukaa katika hali ya kutendwa, "be left", kama vile Kiswahili husema amepwelewa na si amepwea. Ukitaka kumtaja aliyesababisha, sema "He left us high and dry", na "high and dry" hukaa baada ya aliyeachwa.

"Taken aback" nayo ni ya tanga. Upepo unaotoka nyuma au ubavuni hulijaza tanga na kusukuma chombo. Ukigeuka ghafla ukapiga kwa mbele, hulibandika tanga kwenye mlingoti, na chombo husimama au kurudi kinyumenyume. Mtu aliyeambiwa jambo asilolitarajia akabaki kimya kwa nukta kadhaa yuko katika hali hiyo hiyo: "I was taken aback by the price." Hapa kosa la kawaida ni kuandika "taken back", bila ile "a" ya mbele. "Taken back" maana yake ni kurudishwa, na sentensi nzima hugeuka kuwa hadithi ya bidhaa iliyorejeshwa dukani.

Kuna maneno mawili ambayo hata Waingereza wengi hawajui tena kwamba yametoka baharini. Moja ni "leeway". Upande wa joshi ndiko upepo unakotoka, upande wa demani ndiko unakokwenda, na "lee" ni huo upande wa demani. Chombo kinachokwenda mbele husukumwa pia kidogo kidogo kuelekea demani, na umbali huo wa kuteleza ndio "leeway". Nahodha anayepita karibu na mwamba ulio upande wake wa demani lazima aache nafasi ya kutosha kwa mtelezo huo. Leo neno hili ni nafasi ya kulegezewa: "Could you give us some leeway on the deadline?" yaani tunaomba tusibanwe sana na tarehe. Halihesabiki, kwa hiyo usiseme "a leeway" wala "leeways". Sema "some leeway", "a little leeway", "no leeway".

La pili ni "by and large", kwa ujumla. "By" hapa ni kwenda kwa kubana upepo, kama chombo kinachobisha. "Large" ni kwenda na upepo wa nyuma, matanga yamefunguka. Chombo kilichosifiwa "by and large" kilikwenda vizuri pande zote mbili. Ndiyo sababu nahau hii haina maana ukiivunja vipande: neno "by" na neno "large" kwa Kiingereza cha leo hayaungani kisarufi hata kidogo. Ukiona nahau ambayo sarufi yake haieleweki, usihangaike kuichambua. Ishike nzima kama neno moja.

Nyingine zinapita kwa urahisi. "Learn the ropes" ni kuijua kazi mpya, kwa kuwa meli ya matanga ilikuwa na kamba nyingi na mgeni alianza kwa kujua kila moja inavuta nini. Anayemfundisha "shows him the ropes". "Take the wind out of somebody's sails" ni kumkata mtu nguvu katikati ya majigambo yake. "Rock the boat" ni kuvuruga mambo yaliyokuwa yametulia. "Show your true colours" ni kudhihirisha tabia halisi, na "colours" hapo ni bendera za meli, wala si rangi za nguo. "Give something a wide berth" ni kujitenga na kitu, kama nahodha anavyoacha nafasi kubwa kati yake na fungu la mchanga. "That ship has sailed": nafasi imepita, usiidai tena.

Maneno yaliyofungwa na maneno yaliyo huru

Hapa ndipo wanaojifunza wengi huteleza, na inafaa kukaa kidogo. Chukua nahau mbili za Kiingereza: "kick the bucket", kufa, na "spill the beans", kutoboa siri. Zinafanana sana kwa sura: kitenzi, "the", jina. Lakini unaweza kusema "The beans were spilled", na kila mtu ataelewa kwamba siri imetoka. Ukisema "The bucket was kicked", msikilizaji ataona ndoo na mguu. Kifo kimetoweka.

Sababu inaonekana vizuri zaidi kwa Kiswahili. Kumwaga unga ni kupoteza kazi. Ndani ya nahau hiyo unga unasimama badala ya kitu: riziki. Kumwaga kunasimama badala ya kitu: kupoteza. Kwa hiyo tunaweza kusema unga wake umemwagika, na maana inabaki. Kula chumvi nyingi, yaani kuishi miaka mingi, hakugawanyiki hivyo. Chumvi haisimami badala ya miaka, kula hakusimami badala ya kuishi. Maana imeenea katika maneno yote kwa pamoja. Jaribu kusema chumvi nyingi imeliwa na babu: umebaki jikoni. "Spill the beans" ni kama kumwaga unga, maharage ni siri. "Kick the bucket" ni kama kula chumvi nyingi, ndoo si kitu chochote.

Kwa hiyo kila nahau mpya ipimwe. Badili wakati wa kitenzi: karibu zote hukubali, "He kicked the bucket", "She'll spill the beans". Kisha igeuze iwe ya kutendwa. Kisha geuza umoja kuwa wingi au wingi kuwa umoja. Kisha ondoa "the" au weka "a". Kwa kawaida itakataa mahali fulani, na pale ilipokataa ndipo pa kuandika kwenye daftari. "Spill the beans" hukubali kutendwa lakini hukataa "the bean". "Pull strings", kutumia watu unaowajua ili jambo lako lipite, hukaa vizuri bila "the". "A piece of cake", jambo rahisi mno, hukataa "pieces of cake" hata kama mambo rahisi ni kumi.

Mpangilio wa jozi nao umefungwa. Sisi husema kwa hali na mali, na hakuna anayesema kwa mali na hali, ingawa maana ingekuwa ile ile. Kiingereza vivyo hivyo: "safe and sound", "sooner or later", "pros and cons", "now and then". Moja ya hizi ina faida kubwa katika biashara: "in black and white", maana yake kwa maandishi. Anayekuambia "I need it in black and white" anataka karatasi iliyoandikwa. Haulizi kuhusu rangi ya chapa.

Lipo kosa moja linalosababishwa na kamusi yenyewe. Kamusi za wanaojifunza huandika nahau kwa "your" au kwa "somebody's", na hizo mbili si sawa. "Lose your temper", kushikwa na hasira, ina maana kwamba "your" itabadilika kumfuata mtendaji: "I lost my temper", "she lost her temper". "Pull somebody's leg", kumtania mtu kwa kumdanganya kidogo, ina maana kwamba mguu ni wa mwingine: "He's pulling your leg." Anayenakili "your" kama ilivyo huandika "My boss lost your temper", sentensi ambayo hakuna Mwingereza atakayeielewa. Zipo nahau zinazokubali zote mbili kwa maana tofauti. "I changed my mind": nimebadili nia. "I changed his mind": nimemshawishi akabadili nia yake.

Na zipo zinazoishi karibu na kukanusha tu. Kiswahili kina lepe la usingizi. Unasema sikupata hata lepe la usingizi. Husemi jana nimepata lepe la usingizi. "Sleep a wink" ni ndugu yake kamili: "I didn't sleep a wink." Hivyo hivyo "lift a finger": "He didn't lift a finger to help", hakugusa hata kazi moja. "Hold water" kwa hoja hutumika zaidi ikikanushwa, "That argument doesn't hold water", hoja haina mashiko. Na "my cup of tea" husikika zaidi ikiwa na "not": "Crowded beaches are not my cup of tea", fukwe zenye umati si jambo ninalolipenda.

Moyo, chumvi na mkono

Nahau za Kiswahili zikivushwa neno kwa neno, nyingine hufika salama. Damu nzito kuliko maji ni "Blood is thicker than water". Kuua ndege wawili kwa jiwe moja ni "kill two birds with one stone". Kuchokoza mzinga wa nyuki ni "stir up a hornets' nest", ingawa Kiingereza hutaja mavu; na hapa Tanga picha hiyo haihitaji maelezo, kwa kuwa nyuki waliochokozwa katika mapigano ya Novemba 1914 wanakumbukwa hadi leo pamoja na Waingereza waliowakimbia. Tatizo la nahau hizi zinazolingana ni kwamba humfanya mtu aamini zote zitalingana.

Moyo ndio mtego mkubwa. Kwa Kiswahili, aliyenyimwa kazi baada ya usaili amevunjika moyo: amekata tamaa kwa kiasi fulani, na kesho anaweza kupiga moyo konde akaomba kwingine. Akiandika "My heart is broken" kwa aliyemfanyia usaili, msomaji ataona huzuni ya msiba au ya mapenzi yaliyokatika, na ataona barua imezidi kipimo. Kiingereza cha kuvunjika moyo ni "I was discouraged" au "I lost heart". Kwa upande wa pili, kujipa moyo ni "take heart", na hapo lugha hizi mbili zinashikana tena. "With a heavy heart" ni kwa majonzi, mara nyingi katika kutangaza habari mbaya. "Have a heart!" si sifa, ni ombi, huruma basi.

Chumvi imegawanywa kwa namna nzuri. Kwa Kiswahili, msemaji ndiye hutia chumvi: anakuza habari. Kwa Kiingereza, msikilizaji ndiye hutia chumvi, kidogo tu, ili aweze kuyameza maneno asiyoyaamini sana: "Take it with a pinch of salt", au "a grain of salt" kwa Wamarekani. Habari ni ile ile iliyokuzwa, ila chungu cha chumvi kimehamia upande wa pili wa meza. Ukitafsiri "he added salt" hutaeleweka. Sema "he exaggerated".

Mwenye mkono mrefu kwetu ni mwizi. "The long arm of the law" kwa Kiingereza ni mkono wa sheria unaomfikia mhalifu popote alipojificha, yaani mwenye mkono mrefu ni polisi. Mwizi wa vitu vidogo ni "light-fingered", mwepesi wa vidole. Na aliyekula fedha za umma hasemwi "he ate the money". Sema "he pocketed the money", au kwa lugha ya mahakama, "he embezzled it".

Pole, sorry, na majibu yanayogeuka

Baadhi ya maneno yanayotatiza zaidi hayana picha yoyote. Ni mazoea ya mazungumzo. Mgeni anajikwaa kwenye ngazi za hoteli ya Raskazone, na mhudumu kwa adabu ya Tanga anasema "Sorry!" Mgeni anajibu "Why? It's not your fault." Wote wawili wana nia njema. "Sorry" ikisemwa peke yake papo hapo kwa kawaida ni kuomba radhi kwa kosa lako, na pole si radhi, ni kushiriki maumivu. Kwa aliyejikwaa, sema "Are you all right?" Kwa anayekueleza habari mbaya, "I'm sorry to hear that", nzima, bila kuikata. Kwa aliyefiwa, "I'm so sorry for your loss". Kwa anayetoka kazini amechoka, Kiingereza hakina pole ya kazi, "You must be tired" au "Long day?" inafika karibu.

Kwenye msiba pia ndipo ngazi za heshima zinapoonekana. Kiswahili kina kufariki na kuaga dunia, kina kufa, na kina kukata kamba. Hakuna anayeingia kwenye nyumba ya wafiwa akauliza mzee amekata kamba lini. "Kick the bucket" iko kwenye ngazi hiyo ya kukata kamba, na mwanafunzi aliyeikariri kama tafsiri ya kufa anaweza kuumiza watu bila kukusudia. Kwa wafiwa ni "pass away". Kwa taarifa ya habari au ya hospitali, "die" yenyewe haina ubaya.

Kisha kuna maswali yenye jibu lililopinduka. "Do you mind if I sit here?" kwa Kiswahili hugeuka kuwa naomba nikae hapa, na jibu la ukarimu ni ndiyo, karibu. Lakini "mind" hapa ni kukereka. Ukijibu "Yes", umesema nitakereka, usikae. Jibu la kumkaribisha ni "No, not at all" au "Go ahead". "I'm afraid we're full" haina hofu ndani yake; ni samahani, vyumba vimejaa. "You can say that again" si ombi la kurudia, ni kusema kabisa, nakubaliana nawe. "Tell me about it", ikisemwa kwa sauti inayoshuka baada ya wewe kulalamika, ni kusema hata mimi yamenikuta. Anayeanza kusimulia upya amepoteza mazungumzo.

Barua za ofisini

Tanga sasa ina Kiingereza cha bandarini na cha mradi wa bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, na pamoja nacho zimekuja nahau ambazo shule hazikuwa na haja nazo. Mtoa huduma anayeandikiwa "Your payment is in the pipeline" huko ana haki ya kujiuliza bomba linahusikaje. Halihusiki. "In the pipeline" ni kwamba jambo linaandaliwa, liko njiani, halijakamilika. Katika malipo, maana yake ya vitendo ni moja: bado hujalipwa, na barua hiyo haijataja tarehe. Jibu linalofaa ni kuuliza "Could you confirm the expected date?"

"A ballpark figure" ni kadirio la haraka, na limetoka kwenye uwanja wa besiboli wa Marekani. Anayekuuliza hataki ankara, anataka kujua kama ni milioni mbili au ishirini. Mpe namba ya mviringo na uongeze "roughly". "Let's touch base on Monday" ni tuwasiliane kidogo Jumatatu. "Back to square one" ni kuanza upya kabisa.

Neno moja linastahili tahadhari zaidi ya yote. "Table a proposal" kwa Mwingereza ni kuliwasilisha pendekezo lijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuliweka kando lisijadiliwe. Kikao chenye watu wa pande zote mbili kinaweza kumaliza ajenda kila mmoja akiamini kinyume cha mwenzake. Tumia "present" au "postpone". Tofauti nyingine za Uingereza na Marekani hazina madhara: kwa Waingereza uchafu hufagiliwa chini ya "carpet", kwa Wamarekani chini ya "rug"; mifupa ya siri za familia iko kwenye "cupboard" huku na "closet" kule.

Kuhusu "It's raining cats and dogs", ambayo karibu kila kitabu huanza nayo: ielewe, lakini uiache. Waingereza wenyewe huisema mara chache, na ikitoka kinywani mwa mgeni husikika kama imetoka darasani. Masika ikimwaga, sema "It's pouring". Ile hadithi ya paka na mbwa walioteleza kutoka kwenye mapaa ya nyasi haina ushahidi. Usiipoteze saa yako nayo.

Kuzitafuta na kuzihifadhi

Kamusi za wanaojifunza, kama ile kubwa ya Oxford, huweka nahau chini ya neno zito la kwanza: jina, kitenzi, kivumishi au kielezi. "Kick the bucket" iko kwenye "kick", na "a piece of cake" iko kwenye "piece". Ikiwa neno la kwanza ni kitenzi cha kila siku kama "be", "get", "have" au "make", ruka hadi neno zito linalofuata. Kabla ya kusoma maana, soma lebo iliyo mbele yake. "Informal" ni kwa marafiki. "Old-fashioned" ni ya kuelewa tu. "Humorous" haifai penye majonzi. Nahau isiyo na lebo ndiyo salama kwa barua za kazi.

Tano kwa wiki zinatosha. Thelathini zikikaririwa usiku mmoja huchanganyika, na zinazochanganyika haraka ni zile zenye kiungo kimoja cha mwili. Usiweke "pull somebody's leg" na "break a leg", kumtakia heri anayepanda jukwaani, kwenye wiki moja. Kabla ya kuitumia mwenyewe, isikie au isome mahali patatu tofauti ambapo mwandishi hakuwa anafundisha: habari, mahojiano, barua. Katika barua ya maombi ya kazi usiweke hata moja.

Kisha isikilize, kwa maana wasemaji huzimeza. "A piece of cake" hutoka kama neno moja, karibu apisavkeik, na mkazo uko mwishoni. Anayesubiri kusikia maneno manne yaliyotengana hatazisikia kamwe.

Kadi moja ya daftari ionekane hivi. Juu: "left high and dry". Chini yake picha kwa Kiswahili: mashua imepwelewa. Umbo: kwa kawaida "be left", huwezi kugeuza kuwa "dry and high", wala kuongeza "very". Mahali: mazungumzo na barua za kawaida za kazi, bila tatizo. Sentensi iliyosikika, pamoja na tarehe na aliyeisema. Halafu sentensi yako, yenye jambo lililotokea kweli: "The ferry was cancelled and forty passengers were left high and dry in Pangani."